Tusiulize anajipambia nani, tuulize anajipaka nini

Ni desturi iliyokita mizizi katika jamii yetu kwamba mwanamke akionekana amejipamba, swali la kwanza huwa ni hili: anajipambia nani? Huulizwa msichana aliyemaliza kidato cha nne na kupaka midomo rangi kwa mara ya kwanza. Huulizwa mke ambaye mumewe yuko safarini. Na huulizwa kwa ukali zaidi mjane. Swali hilo huvishwa vazi la maadili, lakini ukilichunguza utaona kwamba anayeuliza amekwisha kuamua kuwa uso wa mwanamke ni mali ya mtu mwingine, na kinachobaki ni kumjua mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mzaliwa wa pwani. Nyanya yangu alikuwa akijitia wanja kila alasiri baada ya kuoga, awe na mgeni au asiwe naye, nami nikalichukua jambo hilo kwake kama nilivyochukua lugha. Nilipofiwa na mume wangu, nilikaa eda miezi minne na siku kumi kama ipasavyo, bila wanja, bila hina, bila manukato. Eda ilipokwisha, niliurejea wanja wangu. Mwenzangu mmoja katika majilisi ya walimu akaniuliza kwa sauti ya chini iliyosikika na wote, "Mwalimu, sasa unajipambia nani?" Nilimjibu kwamba ninampambia mwenye uso.

Walicheka, nami nikacheka nao, lakini jibu langu halikuwa mzaha. Wanja haukunizuia kumlilia marehemu. Ulinisaidia kusimama mbele ya darasa la wanafunzi hamsini asubuhi ambayo nisingetaka kuonekana na yeyote. Zile dakika mbili mbele ya kioo zilikuwa zangu, na mkono uliokuwa ukitetemeka ulilazimika kutulia ili mstari unyooke. Aidha, zipo siku ninapokwenda kazini uso mtupu, na sioni kuwa nimepungukiwa na kitu. Pambo ambalo mtu hawezi kulivua limekwisha kuwa pingu.

Wanaodai kwamba mwanamke mwenye heshima hajipambi wangefaa kumsoma upya Mwana Kupona binti Msham. Katika utendi aliomtungia bintiye, Mwana Hashima, yapata mwaka wa 1858, alimwusia asiache wanja machoni na nyusini, wala hina, wala pete. Ni kweli kwamba wasia huo umefungamana na mume na haki zake, na mwanafunzi wa leo ana uhuru wa kulihoji hilo. Hata hivyo, mtunzi mwenyewe alikuwa mjane, naye alikuwa mgonjwa alipotunga. Katika wasia huohuo alitia dini, adabu, ukweli na huruma kwa maskini. Hakuona kwamba pambo na heshima ni mahasimu.

Wengine hudai kwamba vipodozi ni mambo ya kigeni, na shahidi wao ni Lawino wa Okot p'Bitek, aliyemcheka Clementine kwa midomo yake myekundu na poda usoni. Lakini Lawino hakupinga kujipamba. Aliyaonea fahari mapambo ya Waacholi, na kilichomchoma ni kuona mumewe akimdharau. Isitoshe, morani wa Kimaasai hujipaka udongo mwekundu mwili mzima, nasi tukaona fahari kuuchapisha uso wake kwenye kadi za posta. Nani amewahi kumwuliza anajipambia nani?

Sitetei mwanafunzi kuingia darasani na kope za bandia. Sare ni sare, na shule ina haki ya kuwa na kanuni zake. Wala sipuuzi hofu ya mzazi anayeona karo ikigeuka poda. Ninalolipinga ni kumsimamisha msichana mbele ya gwaride kwa sababu ya rangi ya mdomo na kumwita malaya mbele ya wadogo zake. Mwenye kosa la sare aadhibiwe kwa kosa la sare. Mwenendo wake hausomwi midomoni.

Madhara ya swali letu ni makubwa kuliko aibu ya siku moja. Niliwahi kumfundisha msichana aliyerudi kutoka likizo mashavu yameungua na ngozi imebabuka. Alikuwa amepaka krimu ya kujichubua aliyouziwa kwenye kopo lisilo na maandishi. Nilipomwuliza kwa nini hakutafuta ushauri ngozi ilipoanza kuwasha, alinijibu, "Ningeulizwa ninajipambia nani." Alivumilia maumivu kwa wiki mbili ili aliepuke swali hilo.

Hapa ndipo penye swali linalostahili kuulizwa: anajipaka nini? Krimu nyingi za kujichubua zimepatikana na zebaki, ambayo hupenya ngozini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuiachia ngozi madoa meusi yasiyotoka kwa urahisi. Nyingine zina dawa za steroidi zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini limepiga marufuku krimu zenye zebaki na haidrokwinoni. Mwaka wa 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe kufikia 2025. Marufuku hayo ni mema, lakini hayamfikii msichana anayenunua kopo kwa kificho.

Hata mapambo yetu ya asili yachunguzwe vivyo hivyo. Upo wanja wenye madini ya risasi, ambayo ni hatari zaidi kwa watoto wachanga wanaopakwa na mama zao. Piko inayochorwa mikononi mwa maharusi mara nyingi ni kemikali ya kutia nywele rangi, nayo huweza kuunguza ngozi. Hina halisi haiwi nyeusi kama wino.

Tukichanganya pambo na sumu, tunashindwa kupigana na sumu. Tanzania ilipoanzisha Operesheni Vijana, iliyotangazwa mwaka wa 1968 na kuanza Januari 1969, orodha ya vilivyokatazwa ilitia pamoja sketi fupi, nywele za bandia na krimu za kujichubua. Kitu kilichodhuru afya kiliwekwa kapu moja na vitu vilivyokera macho ya wakubwa. Sisi nasi tungali tunaibeba orodha hiyo vichwani mwetu.

Walimu wenzangu, kazi hii imo ndani ya uwezo wetu. Mwalimu wa kemia anaweza kutumia kipindi kimoja kuwafunza wanafunzi kusoma maandishi ya kopo la krimu na kuwaeleza zebaki hufanya nini mwilini. Mwalimu wa fasihi anaweza kuwawekea Mwana Kupona na Lawino bega kwa bega wajadiliane. Na sote tunaweza kuwa watu ambao msichana mwenye shavu linalowasha hataogopa kuwaendea.

Nanyi wanafunzi, mtatupiwa methali isemayo uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ipokeeni, kwa maana ni ya kweli. Lakini isomeni vyema: inalaumu utupu wa ndani, haiilaumu nakshi. Jazeni mkakasi kwanza. Nakshi mkiitaka, itieni kwa mikono yenu wenyewe, mkijua kilichomo katika rangi mnayoitumia.