Maji ya Bafu na Jirani wa Chini

Baba wa familia atengenezaye upya bafu la nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe anastahili sifa. Anaokoa ujira wa fundi, na watoto wake wanajifunza kwamba kazi ya mikono si aibu. Mtakatifu Yosefu naye alikuwa seremala. Lakini mtu aanzaye kwa kununua vigae vya kupendeza ameanza mwishoni. Swali la kwanza ni hili: maji yakishaosha mwili, yatakwenda wapi?

Mjini Bukavu swali hili si dogo. Nyumba zetu zimepandana juu ya vilima, hasa katika Kadutu, hata paa la mmoja liko chini ya miguu ya mwingine. Mvua hunyesha tangu Septemba hata Mei. Udongo wa mfinyanzi ukilowa sana hupoteza nguvu na kuteleza. Huko Funu ardhi yenyewe hushuka mteremko polepole na kupasua kuta za watu. Basi, maji ya bafu yanayomwagwa kila siku nyuma ya nyumba huulowesha udongo hata wakati wa kiangazi, nayo huuchimba msingi wa jirani aliye chini.

Tutazame sasa kazi yenyewe. Sakafu iteremke kuelekea tundu la kutolea maji, sentimeta 2 kwa kila mita 1. Asiye na pimamaji atumie mpira mwembamba unaoonyesha ndani: akiujaza maji, yatasimama kwa kimo kimoja katika ncha zote mbili. Zege likishamwagwa, lifunikwe na kunyweshwa maji kwa siku 7. Likiachwa likauke upesi litapasuka. Kabla ya kubandika vigae, mwaga ndoo ya maji ukatazame. Yakituama pembeni, sahihisha sasa, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Chini ya tundu liwekwe bomba lenye mpindo ubakio na maji daima, ili harufu mbaya isirudi ndani.

Kisha maji yaongozwe kwa bomba hata mfereji uliojengwa kwa mawe au saruji. Kama mfereji haupo, majirani wapatane kuujenga pamoja. Mmoja peke yake hawezi. Na anayechimba shimo la choo aliweke mbali na chemchemi, mita 30 au zaidi. Kipindupindu hakikuondoka Kivu tangu miaka ya 1970, na mwaka 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi huko Goma. Ugonjwa huo husafiri katika maji machafu, wala hauulizi mpaka wa kiwanja.

Nanyi wanafunzi, mliofundishwa shuleni kupima pembe na mteremko, msaidieni baba. Ndiyo maana ya elimu.

Wageni watasifu vigae, lakini bomba lililozikwa hakuna atakayelisifu. Hata hivyo, hapo ndipo amri ya kumpenda jirani inapotimizwa au kuvunjwa. Kwa hiyo, baba, kabla hujainua nyundo, shuka kwanza kwa jirani yako wa chini, bisha hodi, umwulize maji hupita wapi kwake siku ya mvua kubwa. Jibu lake ndilo ramani ya kazi yako.