Ramani isiyojali maili

Msomaji mpenzi, ramani nzuri ni ipi? Bila shaka utajibu: ile isemayo ukweli mtupu. Lakini hebu sikiliza kisa cha ramani za mfukoni za treni za chini ya ardhi mjini London.

Reli hiyo, ya kwanza ya aina yake ulimwenguni, ilifunguliwa mwaka 1863. Kampuni zilizidi kuongezeka, kila moja ikitangaza njia zake. Mwaka 1908 ziliungana kutoa ramani moja ya bure, kila njia na rangi yake, juu ya mchoro wa barabara za mji. Ilifuata ardhi ilivyo: reli ikipinda, mstari nao hupinda. Taabu ikawa kwamba stesheni za katikati zilisongamana mno, na baadhi ya zile za mbali hazikupata nafasi. Wachoraji waliofuata walizifuta barabara, lakini msongamano ulibaki.

Mwaka 1931 Harry Beck, mchoraji aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya ishara za reli hizo, alijiuliza: abiria aliye chini ya ardhi ana haja gani na kona na maili? Yeye ataka kujua apandie wapi, abadilishe wapi, ashukie wapi. Basi akanyoosha njia zote, akapanua katikati na kubana pembeni. Kitu cha juu ya ardhi alichobakisha ni mto Thames peke yake.

Wakubwa waliikataa kwanza. Mwaka 1932 wakaijaribu kwa nakala chache, na Januari 1933 wakaitoa kwa umma, jaladani wakiomba maoni. Watu waliipenda papo hapo, ikabidi kuchapisha nyingine upesi.

Mtindo huo umetufikia hata sisi. Ramani ya njia za matatu za Nairobi, iliyotolewa mwaka 2014 na watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ina mistari ya rangi vivyo hivyo.

Lakini tahadhari, hasa wewe mwanafunzi unayejiandaa kwenda London! Ramani ile haipimi umbali. Kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, ila wageni hununua tiketi. Kabla hujatoa pesa, muulize mwenyeji.