TEMBEA KWA MWENDO WA MTOTO, LAKINI TEMBEA NAYE



Leo sina neno la kubembeleza. Nazungumza na wazazi, na nazungumza na sisi watumishi tulio na shule ndani ya uwanja wa kanisa. Soma hadi mwisho kabla ya kuandika Amina, maana katikati huenda ukanikasirikia.

Fungua Mwanzo 33, mstari wa 12 hadi wa 14. Esau na Yakobo wamepatana baada ya miaka mingi. Esau ana wanaume 400, ana nguvu, anataka waondoke pamoja. Yakobo anakataa kwa heshima. Anamweleza kwamba watoto alio nao bado ni wadogo na kuna mifugo inayonyonyesha, na ikiharakishwa hata siku moja tu, kundi litakufa. Basi Esau atangulie. Yeye atafuata taratibu, kwa mwendo ambao watoto wanauweza.

Nyumba nyingi za watu waliookoka zinaendeshwa na Esau. Tunaomba vizuri asubuhi, halafu tunawachapa watoto mbio mchana kutwa.

Mnajua binti yetu anasoma shule ndogo ya Kikristo inayotumia mtaala wa Accelerated Christian Education, ulioanzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970 na Donald Howard na mkewe Esther. Wengi mmeniuliza, shule gani hiyo ambayo mwalimu hasimami ubaoni? Acha nieleze. Mtoto ana meza yake iliyozibwa kwa mbao pande mbili, wanaiita ofisi. Masomo yamegawanywa katika vijitabu vinavyoitwa PACE, kwa kawaida 12 kwa kila somo kwa mwaka. Anajipangia kurasa za siku, anasoma mwenyewe, kisha anakwenda kwenye meza ya majibu kusahihisha kazi yake. Akikwama anainua bendera ndogo juu ya ofisi yake, na mwalimu anamjia. Mwisho wa kijitabu kuna mtihani. Asipofikisha asilimia 80, anarudia. Hasukumwi mbele eti kwa sababu muhula umeisha.

Binti yetu alifika huko akiwa amemaliza gredi ya tatu katika shule yenye basi zuri na sare nzuri. Walimpima kabla ya kumpa kijitabu chochote. Kusoma, alikuwa sawa. Kwenye hesabu kulikuwa na shimo. Kutoa kwa kukopa hakukuwa kumeingia kichwani hata kidogo, na kila mwaka alikuwa akivushwa pamoja na shimo lake. Ripoti zilikuja na maneno matamu. Karo ililipwa. Shimo likabaki palepale. Basi wakamrudisha nyuma kwenye hesabu, hesabu peke yake, na masomo mengine yakaendelea.

Habari zikaenea kanisani. Ibada ilipoisha, mama mmoja akaniambia, "Pasta, nimesikia mtoto amerudishwa gredi ya pili. Tunasimama nanyi katika maombi."

Katika maombi! Kama watu waliofiwa!

Mama yangu, nakupenda katika Bwana, lakini nisikilize. Mtoto anayerudi kujifunza asichokijua hahitaji matanga. Wa kuliliwa ni yule anayepanda darasa kila Januari akiwa amebeba mambo asiyoyaelewa, mpaka siku moja anaamini kwamba yeye ni mjinga. Huyo ndiye umwekee kikesha.

Ugonjwa huu tumeurithi. Tangu 1985 hadi 2023 nchi hii ilimpima mtoto wa darasa la nane kwa KCPE, na jina lake likawa maksi zake. Mwaka 2014 wizara ya elimu ilipiga marufuku kupanga shule na wanafunzi kwa nambari. Marufuku hiyo haikufika sebuleni kwetu. KCPE yenyewe imeondoka, lakini bado tunauliza, "Umekuwa nambari ngapi? Mtoto wa jirani je?" Mtaala umebadilika, midomo yetu haijabadilika.

Sasa nenda Marko 8, mstari wa 22 hadi wa 25. Kipofu analetwa kwa Yesu huko Bethsaida. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamgusa, halafu anamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu anajibu kwa ukweli: anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Yesu angeweza kusema hiyo inatosha, tuna miji mingine ya kwenda. Hakusema hivyo. Aliweka mikono tena, mpaka mtu yule akaona kila kitu wazi.

Umeona? Mwana wa Mungu alipima, akakuta bado, akarudia bila kumtukana mtu. Wewe na mimi ni nani tumwite mtoto mzembe kwa sababu amehitaji mguso wa pili?

Binti yetu alirudia kijitabu kimoja cha hesabu. Mara ya kwanza alipata 71. Mara ya pili 86. Alipofika nyumbani hakuniambia amekuwa nambari ngapi, maana huko hakuna nambari. Alichukua kalamu akanionyesha jinsi ya kukopa kutoka kwenye makumi.

Najua mmoja wenu tayari anaandika hapo chini, "Ndiyo sababu mimi nimempa mtoto tableti, ajisomee kwa mwendo wake."

Hapo ndipo tunakosana.

Soma tena. Yakobo hakuwaacha watoto njiani akawaambia wafike wakiweza. Alitembea nao. Yesu hakumwelekeza kipofu njia ya kutoka kijijini. Alimshika mkono. Mwendo wa polepole bila mtu mzima kando yako una jina lingine: kutelekezwa.

Nawaambia jambo nililoliona. Kuna wiki binti yetu alimaliza kurasa kwa kasi ya ajabu, zote sahihi. Mwalimu wake hakupiga makofi. Alivuta kiti, akamwomba afanye hesabu moja mbele yake. Hakuweza. Alikuwa akinakili majibu pale mezani pa kusahihishia. Yule mwalimu hakumwaibisha mbele ya wenzake. Alikaa naye, akamfundisha tena, kisha akazungumza naye juu ya uaminifu. Sasa niambie, kijitabu kingeona hayo? Karatasi haina macho. Mwalimu ndiye aliyeona.

Kwa hiyo nawageukia ninyi wachungaji wenzangu. Tunabandika bango langoni: shule ya Kikristo, kila mtoto kwa mwendo wake. Halafu tunaweka watoto 40 ukumbini na msaidizi mmoja, dada wa kwaya aliyekosa kazi, hana mafunzo na mshahara wake unategemea sadaka. Mtoto anainua bendera. Dakika kumi. Ishirini. Mkono unachoka, anaishusha, anakisia jibu. Kesho haiinui tena. Ndugu zangu, mtoto aliyeacha kuinua bendera amekoma kuamini kwamba kuna mtu atakuja. Halafu Jumapili tunamfundisha kwamba Mungu husikia tukiita. Atajifunzia wapi hilo, kama sisi tuliokuwa hatua tano kutoka kwake hatukumsikia?

Punguza idadi. Mfunze mwalimu. Mlipe. Na mweleze mzazi ukweli mapema kuhusu cheti: mtoto akimaliza atafanya mtihani gani, na ni vyuo gani vinautambua. Mzazi, nawe uliza kabla ya kulipa karo. Kuuliza si ukosefu wa imani.

Tena mtaala huu una upungufu wake. Watoto wanakaa kimya muda mrefu wakijaza nafasi kwenye karatasi, na mtoto anahitaji pia kubishana, kuuliza kwa sauti, kushika udongo na kupanda mbegu. Mifano mingi ni ya Marekani. Nyumbani sisi tunajaza pengo hilo kwa mdomo, jikoni na shambani.

Wengine mtasema, "Pasta, wewe una uwezo. Wangu yuko shule ya serikali, darasa limejaa, mwalimu hana nafasi ya kumjua." Nakusikia, na sikuambii umhamishe. Huhitaji karo ya shule yoyote kumwambia mtoto, "Nionyeshe." Hata kama hukusoma, mwambie akufundishe alichofundishwa leo. Akikwama, umeliona shimo. Kesho mwandikie mwalimu au mpigie simu. Mama wa kibanda cha mboga anaweza. Baba wa boda anaweza. Dakika kumi na tano, simu imezimwa.

Kazi ya wiki hii ni hii. Usimuulize mtoto wako amepata ngapi. Muulize, "Ni wapi hujaelewa?" Akikujibu, usimkemee, maana ukimkemea hatakuambia tena. Keti naye hapohapo.

Tuombe. Bwana, tupunguzie haraka yetu. Tupe macho ya kuona pale mtoto amekwama, na miguu ya kumfikia kabla hajashusha mkono. Wabariki walimu wanaovuta kiti na kukaa. Katika jina la Yesu.

Amina.

Mtumie mzazi mmoja ujumbe huu. Na kama wewe ni mwalimu, andika jina la shule yako hapo chini tukuombee kwa kulitaja.