Kona ya Watoto Harusini na Viwanja vya Iddi: Tupime Kwanza, Mapambo Baadaye



Msimu wa harusi umeingia, na mabibi harusi wengi wanaokuja kwetu kupimwa nguo siku hizi wanakuja na jambo la pili. Tukishamaliza kifua na kiuno, simu inatolewa, tunaonyeshwa picha ya kona ya watoto. Kasri la waridi lenye minara, mtelezo mweupe, bwawa la mipira, na majina ya maharusi juu yake kwa rangi ya dhahabu. "Nataka kama hii hii." Tukimuuliza watoto watakuwa wangapi, hajui. Wa umri gani, hajui. Nani atawaangalia? Anacheka: "Si mama zao!"

Hilo jibu la mwisho ndilo lililotufanya tuandike. Sisi tunaona hivi: mahali pa watoto kuchezea, pawe ni kona ya ukumbi wa harusi au kiwanja kizima cha skukuu, hupangwa kama inavyoshonwa nguo. Kipimo kwanza, mapambo mwisho. Na vipimo vya kuanzia ni viwili, cha mtoto na cha mama yake. Huku kwetu tumezoea kuanza na mapambo, na siku tukibahatika hakuna anayeumia.

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana nyani haoni kundule. Iddi moja tulimshonea mtoto wa miaka sita gauni la satini, na nyuma tukaweka utepe mrefu wa kufunga, unaoning'inia mpaka magotini. Lilipendeza, na wateja wengine watatu wakataka kama hilo. Skukuu ya pili yule mtoto akapanda mtelezo kwenye kiwanja kimoja. Pale juu, baina ya chuma cha kushikia na ubao wa kutelezea, palikuwa na mwanya mdogo. Utepe ukaingia, fundo likakwama. Mwili ukashuka, utepe ukabaki. Akaning'inia katikati, kiuno kimebanwa, mpaka mama mmoja aliyekuwa karibu akamnyanyua. Alhamdulillah, alitoka na michubuko tu. Mama yake alituletea gauni limechanika mgongoni. Hakutulaumu. Aliuliza tu kama litashoneka.

Usiku ule tulijiuliza: je, ingekuwa ni mtandio, umefungwa shingoni kwa pini?

Tulipofuatilia tukakuta kwamba jambo hili wenzetu wanaojenga viwanja vya michezo wanalijua zamani. Ulaya, mtelezo hukaguliwa kwa mnyororo mwembamba wenye kijiti mwishoni. Mkaguzi anaupitisha pale juu mtoto anapokaa. Ukikwama, mtelezo haukufaulu. Marekani, mwaka 1996, ulitolewa mwongozo wa kuondoa kamba za kukazia shingoni na kichwani kwenye makoti ya watoto, kwa sababu watoto walikuwa wamekufa kwa kunaswa, wengine kwenye mitelezo. Kwa hiyo fundi wa kiwanja ana sehemu yake na fundi cherahani ana yake. Mjenzi azibe mwanya, na sisi tusiache kamba.

Sasa tuseme vipimo, maana futikamba kila mwanamke anaweza kuwa nayo kwenye pochi.

Cha kwanza ni tundu. Baina ya vyuma vya ukingo, au baina ya ngazi na ngazi, nafasi ya hatari ni ile inayozidi sentimita 9 na haifiki sentimita 23. Hapo mtoto hupita miguu na kiwiliwili, kichwa kikabaki. Tundu liwe dogo hata mwili usipite, au kubwa hata kichwa kipite. Ukikosa futikamba, sentimita 23 ni kama shubiri moja ya mtu mzima.

Cha pili ni ardhi. Saruji na vigae vya ukumbi havisamehi. Miongozo ya Marekani inasema mchanga uliolegea wenye kina cha sentimita 23 unamkinga mtoto anayeanguka kutoka urefu usiozidi takriban mita 1.2, na kila upande wa chombo cha kupandia ibaki nafasi tupu ya kama mita 1.8. Mchanga ukikanyagwa sana unashikana kama sakafu, lazima uchimbuliwe mara kwa mara. Ndani ya ukumbi hakuna mchanga, basi na urefu usiwepo. Godoro jembamba lililofunikwa kitambaa cha kung'ara ni pambo, halimkingi mtoto.

Cha tatu ni umri. Mtoto wa miaka mitatu na wa miaka kumi hawawekwi pamoja. Mkubwa anaruka, mdogo ndiye anayelaliwa.

Halafu kuna yale majumba makubwa ya upepo ya kurukia, ambayo sasa yako kila harusi ya pesa. Sisi tunayatazama kwa jicho la cherahani, kwa sababu lile jumba ni kitu cha kushonwa. Ni vipande vya kitambaa kizito vilivyounganishwa kwa uzi, na kila tundu la sindano linavujisha upepo. Ndiyo maana feni yake haizimwi: inajaza huku jumba linavuja kule. Umeme ukikatika, na sisi watu wa visiwani umeme tunaujua, jumba linaanza kulegea na kuta zinawaangukia waliomo. Basi kabla ya kuuliza rangi, uliza jenereta iko wapi, na nani atakuwa mlangoni kuwatoa watoto mara tu feni inaponyamaza.

Na lifungwe. Kipimo cha Ulaya kinataka jumba lililoko nje lifungwe kwa vigingi visivyopungua sita, na lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Hatuna chombo cha kupimia upepo, lakini macho tunayo. Ukiona miti midogo inayumba mizima mizima, watoe watoto. Anayekodisha akija na kamba mbili za katani na mawe, mshukuru na umrudishe. Kusi haliijui harusi ya mtu.

Jambo la mwisho la hatari ni letu wenyewe, nalo ni moto. Harusi bila udi si harusi. Lakini mapazia, vitambaa vya kasri na magauni ya watoto siku hizi ni poliesta, na poliesta ikishika moto huyeyuka na kugandia kwenye ngozi. Chetezo kina makaa. Kona ya watoto iwe mbali na chetezo, mbali na majiko ya wapishi, na mbali na jenereta.

Tukishamaliza kipimo cha mtoto, tuje kwa mama, ambaye ndiye anayesahauliwa.

Kuna hadithi ya Disneyland ambayo tunaipenda. Walt Disney alieleza kwamba wazo lilimjia akiwa amekaa benchini kwenye bustani ya Griffith Park, Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizunguka kwenye farasi wa mbao. Akaona mzazi hana la kufanya ila kukaa na kungoja. Kiwanja mashuhuri kuliko vyote kilianzia kwenye benchi la mzazi! Na bado siku ya ufunguzi, Julai 1955, mabomba mengi ya maji ya kunywa hayakuwa yakitoa maji, na lami mbichi ikanasa visigino vya viatu vya kina mama. Pesa zote zile, wageni walikumbuka maji na sakafu.

Sasa tazama kwetu. Skukuu ikifika, Kariakoo hapa mjini na Tibirinzi kule Pemba hujaa watoto wenye nguo mpya na pesa za skukuu mkononi. Bustani ya Forodhani nayo ilipofunguliwa upya mwaka 2009 ilitengewa sehemu ya watoto. Twashukuru kuwa navyo. Tunaloliomba, kwa hivi na kwa vitakavyojengwa, ni kwamba fundi asianze kuchora kabla hajamwona mama aliyekuja na watoto watatu, mmoja mgongoni, amevaa buibui, na adhana ya Magharibi inakaribia.

Mama huyo anataka kiti chenye kivuli mahali anapoweza kuuona mlango na bembea kwa pamoja. Anataka mlango mmoja wa kuingilia na kutokea, ili mtoto asipotee. Choo kiwe karibu, kiwe na maji, na mahali pa kutundika buibui lisiguse sakafu. Anataka pa kutawadha na pa kuswali, siyo kuchagua baina ya sala na mwanawe. Anataka chumba kidogo cha kunyonyeshea. Chumba hicho hakihitaji mhandisi: ni fimbo nne na pazia, sisi tunalishona asubuhi moja. Na ikiwezekana, jioni moja ya wiki iwe ya wanawake na watoto tu, naye apate kucheka na kukimbia na mwanawe bila kujificha.

Ndipo tunafika kwenye mapambo. Hatuyakatai, ndiyo riziki yetu. Ila tunauliza: kwa nini kila kona ni kasri la wazungu na wanasesere wa televisheni? Masuala ya picha na masanamu tuwaachie masheikh, sisi hatutoi fatwa. Tunasema tu kwamba tuna vitu vyetu, navyo ni vizuri. Fanya jahazi, sitaha yake isizidi kiuno cha mtu mzima, tanga la marekani juu liwape kivuli. Hapo pambo lenyewe limefanya kazi. Fanya shamba la karafuu, watoto wajaze pakacha. Fanya mlango wa nakshi wa kupitia, duka dogo la viungo la kuchezea kuuza na kununua, minazi ya kitambaa. Mtoto akirudi nyumbani awe na la kumwuliza bibi yake.

Tunajua tutajibiwa nini. Kuna watakaosema harusi ni siku moja, watoto wabaki nyumbani. Wabaki na nani, na nyumba nzima imekuja harusini? Na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alirefusha sijida kwa sababu mjukuu alikuwa amempanda mgongoni, akachukia kumharakisha. Kama mtoto alipewa nafasi ndani ya sala, sisi ni nani hata aonekane kero kwenye walima?

Wengine watasema ajali ni kadari. Kweli, hakuna lipitalo bila idhini ya Mola. Lakini sote tulifundishwa chuoni habari ya bedui na ngamia wake: kufunga kunakuja kwanza, kutegemea kunafuata. Jumba la upepo ndilo ngamia wetu wa leo.

Na kuna watakaosema gharama. Hapa tunaomba mtuamini, kwa sababu sisi ndio tunaoandika hesabu. Pazia la jukwaa la bibi harusi peke yake huzidi gharama ya mambo mengi tuliyoyataja. Kutenga wadogo na wakubwa ni bure. Kuweka viti vinavyotazama watoto ni bure. Kusogeza chetezo ni bure. Kinachogharimu ni mtu mzima wa kuwasimamia, alipwe, asishike simu, na awe na mwenzake wa kumpokea wakati wa kula. Bibi harusi mpenzi, ukilazimika kupunguza, punguza maua, usimpunguze huyo.

Nasi tumebadilika. Utepe mrefu hatushoni tena kwenye nguo za watoto. Tunatengeneza fundo fupi, tunalikaza kiunoni kwa mshono, linapendeza vile vile. Mtandio wa mtoto tunaushona wa kuvaa kichwani moja kwa moja, bila kamba wala pini. Na bibi harusi akitoa simu kutuonyesha kasri, tunamwambia: haya, mwanangu, zuri sana. Tupe kwanza idadi ya watoto na umri wao, halafu tuelekee ukumbini na futikamba.

Juzi mmoja alinuna. Alitaka kasri la ghorofa, tukampa jahazi la chini lenye mito. Siku ya harusi alitupigia usiku, bado ana hina mbichi miguuni, simu ameshikiwa na dada yake. Alisema watoto wote wamelala ndani ya jahazi, na mama zao wamekula wali wa moto mpaka mwisho kwa mara ya kwanza tangu wazae.

Mwenyezi Mungu awabariki maharusi wetu, awalinde watoto wetu, na atupe macho ya kuona mwanya kabla utepe haujaingia. Amin.