Usiisingizie Damu

Siku moja nilipanda gari mjini Kitale nikienda Bungoma. Mbele yangu waliketi mzee mmoja na kijana wa shule ya sekondari mwenye plasta juu ya jicho. Mzee akamwuliza kulikoni. Kijana akajibu kwamba timu yao ilifungwa bao dakika ya mwisho, washindani wakawacheka, nao hawakuweza kuvumilia.

"Si makosa yetu, babu," akasema. "Ni homoni. Tumefundishwa darasani."

Mzee akacheka. "Sisi zamani tulisema ni damu ya ujana. Kumbe imepata jina la Kizungu!"

Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kunaniuma hata leo. Laiti ningaliwaambia wote wawili kwamba udhuru huo ni batili, na kwamba elimu waliyoisingizia haisemi walivyosema.

Sikatai kwamba homoni zipo na zina nguvu. Mwaka 1849 mtaalamu Mjerumani, Arnold Berthold, aliwatoa majogoo wachanga korodani zao. Waliohasiwa hivyo walikua bila kilemba kizuri kichwani, bila kuwika, bila hamu ya kupigana. Wengine aliwapandikizia korodani tumboni, nao wakawika na kupigana kama majogoo wote. Kitu hicho kinachosafiri katika damu kilitambuliwa mwaka 1935, kikaitwa testosteroni. Wanaume wanacho kwa wingi, wanawake kwa uchache, na mvulana huongezewa mno anapobaleghe. Mpaka hapa kijana wetu yu sahihi. Kosa lake ni kudhani kwamba yeye ni jogoo.

Mwaka 1994 Brazil ilipoishinda Italia katika fainali ya Kombe la Dunia, wataalamu nchini Marekani walipima mate ya mashabiki wachache waliokuwa wakitazama mchezo kwa televisheni. Testosteroni ya mashabiki wa Brazil ilipanda. Ya wale wa Italia ikashuka. Watu hao walikuwa wamekaa vitini! Hawakuugusa mpira hata mara moja. Kile walichokihesabu kuwa ni heshima yao ndicho kilichoiamuru damu.

La Zurich, lililotangazwa mwaka 2010, linastaajabisha zaidi. Wanawake walipewa ama testosteroni ama dawa bandia, bila kuambiwa ipi ni ipi, kisha wakatakiwa kugawana fedha na wenzao. Mwenzake mtu akikataa mgawo, wote wawili wangekosa. Waliopewa testosteroni waligawa kwa haki zaidi, kwa kuwa katika mchezo ule kukataliwa ndiko kuliko aibu. Lakini waliodhani kwamba wamepewa, wawe wamepewa kweli au la, waligawa kwa uchoyo. Yaani kilichowaharibu si homoni bali ni habari walizozisikia juu ya homoni. Ndugu msomaji, hebu mkumbuke tena yule kijana mwenye plasta.

Na kama mtu atashikilia kwamba sisi ni wanyama tu, basi na tuende kwa wanyama, hapa hapa Kenya. Robert Sapolsky, Mmarekani, alichunguza nyani wa Maasai Mara kwa miaka mingi tangu 1978. Kundi moja lilikuwa na madume makali yaliyokwenda kila siku kupigania mabaki ya chakula katika jaa la hoteli ya watalii. Katikati ya miaka ya 1980 nyama yenye kifua kikuu ilitupwa jaani, na madume yale yakafa. Waliobaki ni majike na madume wapole. Madume hao hawakuacha kushindania ukubwa, lakini waliacha kuwaonea wanyonge, wakaketi na kusafishana manyoya. Miaka kumi baadaye, madume wa zamani wote walikuwa wamekwisha kufa au kuondoka, na mahali pao wamekuja wageni kutoka makundi mengine, wenye homoni zao kamili. Wageni nao waliishi kwa upole ule ule. Nyani amejifunza, mwanafunzi wa sekondari ashindwe?

Nimewasikia watu wakivieleza vita vya Mlima Elgon, vilivyoanza mwaka 2006, kuwa ni moto wa vijana. Ni uongo unaowafaa wakubwa. Vijana wa mlima ule walibaleghe mwaka 1996 kama walivyobaleghe mwaka 2006. Kilichoongezeka ni ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, nani apewe na nani afukuzwe, na wakapatikana watu wazima wa kuwaambia vijana kwamba heshima ya mwanamume imo katika mtutu wa bunduki. Mamia ya watu waliuawa kabla jeshi halijaingia Machi 2008. Ukisema ni damu, wale watu wazima wanakwenda zao bila kuulizwa neno.

Tena nashangaa udhuru huu kutoka Bungoma! Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, mvulana wa Kibukusu hupiga njuga akiwaalika jamaa zake. Hutukanwa na kukemewa makusudi, apimwe. Alfajiri hupakwa tope la mtoni, akasimama mbele ya kisu, na watu wote hutazama kope zake zisipepese. Yu katika umri ule ule ambao homoni zinapanda. Naye hatikisiki, kwa sababu heshima ya siku hiyo imewekwa katika kutotikisika. Kijana aliyeweza kusimama hivyo hawezi kuniambia kwamba kicheko cha washindani kimemshinda.

Wala wazee hawana pa kujifichia. Akisha kuzikwa mzee wa heshima miongoni mwa Wabukusu, huitwa msemaji wa kumuse. Hutembea huku na huku katikati ya umati, akikumbusha koo zilivyotoka, akiwasuta wakorofi, akiwapatanisha waliogombana. Hampigi mtu. Mamia hukaa chini kwa saa nyingi wakimsikiliza, na wavulana wako pale pembeni, wanatazama ni nani anayesikilizwa.