Simu Haijui Matope

Siku hizi kuna wenzetu wanaoona aibu kuuliza njia. Mzee ameketi mbele ya nyumba yake, njia ile ameikanyaga tangu ujana. Kijana anampita bila hata kumpa jambo, macho yamezama katika simu. Sisi twasema waziwazi: huo si ujuzi, ni majivuno.

Wala hatusemi kwa kusikia. Mwaka 2019, wakati wa mvua, tulisindikiza mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa, kutoka vilima vya upande wa Kashuga kwenda hospitali ya Mweso. Alipakiwa juu ya pikipiki, shemeji yake akimshika kwa nyuma. Sisi tulifuata na pikipiki ya pili. Motari wake hakuwa mwenyeji. Akatuonyesha simu: iko njia ya mkato, dakika 40 tu! Tena msafiri mmoja alikuwa ameisifu, akaipa nyota tano. Nasi makatekista, watu tuliosoma, tukakubali.

Tulipofika mtoni, daraja la miti lilikuwa limechukuliwa na maji, limebaki gogo moja. Yule msifu alipita mwezi wa saba, wakati wa jua. Tukarudi nyuma, mama juu ya kipoyi, matope mpaka magotini. Njiani mwanamke mmoja mwenye jembe akatuambia: «Daraja lilianguka tangu Jumapili. Mlinipita hapa asubuhi, hata salamu hamkutoa.» Tulifika hospitali saa mbili ya usiku. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Wengine watatujibu: ramani hizo zimesaidia watu wengi. Ni kweli, nasi hatulikani. Tangu mwaka 2014, katika kazi iitwayo Missing Maps, watu wa kujitolea huko mbali wanachora nyumba na njia kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani, ili waganga na wenye kuleta msaada wafike vijijini. Lakini picha ya angani yaona bati la nyumba na mstari wa barabara. Mti uliooza chini ya daraja haiuoni, wala barieri iliyowekwa jana jioni. Tena majina! Katale iko Masisi, na Katale nyingine iko Rutshuru. Ukitoka Goma, ya kwanza wapitia Sake, ya pili washika barabara ya kaskazini. Mgeni akiandika «Katale» tu, simu itajuaje ni ipi?

Wanasema pia kwamba simu itajifunza pole pole. Na nani ataifundisha? Wenye kuchora wako mbali. Sisi tuliouona ule mto, ni nani kati yetu aliyepeleka habari? Hata mmoja.

Tangu siku ile, kabla ya kushika njia tusiyoizoea, twasimama kwenye nyumba ya kwanza na kupiga hodi. Vijana wengine hutucheka. Wacheke.