Mama na Watoto: Twiga wa Maganda ya Viberiti



Majira ya mvua yana taabu yake. Watoto hawawezi kutoka nje, wala hawawezi kukaa kitako. Mkubwa humchokoza mdogo, mdogo hulia, na mama aliye jikoni hushinda akipaza sauti. Siku hizi wengi wetu huwapa simu ili wanyamaze. Kunyamaza watanyamaza, lakini mikono yao haipati kazi yo yote. Basi juma hili tuvitazame vitu vinavyokwenda jaani kutoka nyumbani mwako: maganda ya viberiti, boksi la majani ya chai, trei ya mayai, mfuko wa unga, boksi la dawa ya meno. Humo mna wanyama tele, ukiwa na mkasi, gundi na saa moja ya kukaa na wanao.

Usiniambie kwamba wewe si fundi. Watoto wetu huunda magari ya makopo na waya, na ng'ombe wa udongo, pasipo kufundishwa na mtu mzima. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora wanyama wake Dar es Salaam mnamo 1968, alichora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli, maana ndivyo vilivyopatikana. Na kule kisiwani Kiwayu, pwani ya kaskazini ya Kenya, watoto katika miaka ya 1990 walikuwa wakikata vitu vya kuchezea kutoka katika kandambili zilizotupwa ufukweni na bahari. Watu wazima walipowaona ndipo walipoanza kazi hiyohiyo, na leo tembo na kasa wa kandambili wanauzwa nchi za mbali. Wazo lilitoka kwa watoto.

Tuanze na gundi, maana ya dukani ni ghali na watoto huimaliza kwa siku moja. Chukua vijiko vinne vya unga wa ngano au wa muhogo, ukoroge katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Mimina juu yake kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga, kisha rudisha motoni hata iwe nzito na kuanza kung'aa. Iache ipoe kabisa kabla mtoto hajaigusa. Katika joto letu hudumu siku mbili, ya tatu huanza kunuka. Wako watu waliokuwa wakitia mrututu ili isioze wala kuliwa na mende. Wewe usitie, mrututu ni sumu, na mtoto hulamba vidole. Afadhali upike kidogo kidogo.

Sasa twiga. Weka viberiti vinane vilivyokwisha, na droo zake ndani. Kama unapikia gesi ya kuwasha yenyewe na viberiti ni vichache, kata maboksi ya dawa ya meno vipande vya urefu wa kidole. Toboa droo katika ncha zake mbili fupi. Kisha chukua chelewa mbili au tatu kutoka katika ufagio, zishike pamoja, na uzipitishe katika viberiti saba, kimoja juu ya kingine. Hiyo ndiyo shingo. Cha nane ni kichwa. Kibandike kwa kulala, kielekee mbele. Pembe ni njiti mbili zilizokwisha kuwashwa.

Mtoto atauliza, kwa nini saba? Hapo ndipo pana utamu wa kazi yenyewe. Mwambie aiguse shingo yake nyuma, apapase. Mifupa ya shingo yake ni saba. Ya twiga nayo ni saba, na ya panya aliye darini ni saba vilevile. Tofauti ni kwamba mfupa mmoja wa shingo ya twiga huweza kupita sentimita 25. Angalia uso wake atakapoisikia habari hiyo, halafu umwache akahesabu viberiti mara ya pili.

Kiwiliwili ni boksi la majani ya chai. Toboa tundu juu upande mmoja, uchomeke chelewa hadi zifike chini ya boksi, na kaza kwa karatasi iliyolowa gundi. Miguu ni magazeti yaliyoviringishwa kwa nguvu, yakapakwa gundi na kuanikwa hadi yawe magumu kama fimbo. Twiga ana shingo ndefu, ataanguka. Kwa hiyo bandika miguu juu ya kipande cha boksi nene, na kandokando ya miguu ubandike kokoto. Watoto watasema ni mbuga.

Kwa rangi, changanya bizari ya manjano katika gundi iliyobaki na umpake mwili mzima. Jua huififisha manjano upesi, basi asiwekwe dirishani. Madoa yasichorwe kwa kalamu. Chana vipande vya mfuko wa khaki na ubandike karibukaribu, nafasi nyembamba ikibaki katikati, kama alivyo twiga mwenyewe.

Mamba ni rahisi zaidi. Trei ya mayai ina mashimo 30, na vile vichuguu vinavyosimama kati ya mashimo ni mgongo wa mamba kabisa. Kata safu moja, uipindue, umalizie mkia kwa karatasi. Chagua trei kavu isiyo na yai lililopasukia humo, iache juani siku moja, na watoto wanawe mikono wakimaliza. Tembo hutoka katika pakiti ngumu ya maziwa iliyooshwa mara moja kwa sabuni (ukichelewa, harufu haitoki), na mkonga wake uwe soksi kuukuu, maana mkonga wa tembo hauna mfupa hata mmoja.

Liko jambo ambalo sitaki ulipite haraka. Si kila takataka ni ya kuchezea. Boksi la dawa na karatasi za vidonge usimpe mtoto hata kidogo, japo zinang'aa na zinapendeza. Leo umempa tupu akafanya mabawa ya kipepeo. Kesho atakuta lenye vidonge vya bibi chini ya mto, naye atajua vipi kwamba hilo si lake? Vivyo hivyo makopo na chupa za dawa ya wadudu au ya mifugo. Kuosha hakutoshi. Na chupa ya soda iliyopata kutiwa mafuta ya taa isiingie kabisa katika mchezo huu. Kwanza isingetiwa mafuta, kwani mtoto mwenye kiu huijua kama chupa ya kinywaji. Mafuta ya taa yakimezwa huweza kuingia mapafuni. Ikitokea hivyo, usimtapishe wala usimpe maziwa, mkimbize hospitali. Vizibo vya soda vina meno makali, na mtoto aliye chini ya miaka mitatu huweza kupaliwa navyo, pia na zile kokoto. Mdogo huyo mpe kazi ya kupaka gundi.

Nawaomba tena akina mama, na akina baba wanaorudi jioni wakamkuta twiga mezani: msimtengeneze upya. Mtoto akileta ng'ombe wa miguu mitatu, muulize anaitwa nani na anakula nini. Huenda mguu wa nne amemla fisi, nawe utapata hadithi nzima. Yuko mtoto asiyesema sana, hasa aliyehamia kwa shangazi au aliyefiwa, ambaye hatajibu ukimwuliza moyo wake ukoje. Lakini mpe boksi na gundi, kaa karibu naye ukichambua mchele, usimtazame. Mnyama wake ndiye atakayeanza kusema. Sikiliza tu, usimkatize.

Panya akimtafuna twiga usiku, kwa kuwa gundi ni chakula, chukua chelewa zake na kokoto, zitafaa tena. Viberiti vinane huchukua muda kupatikana. Waombe na majirani wasivitupe. Juma lijalo tutashona mpira wa matambara usiofumuka.